Bomu la nyuklia: Marufuku yafika Ghuba ya Ferguson

MVUVI atupaye wavu katika Ghuba ya Ferguson, karibu na Kalokol katika Kaunti ya Turkana, huenda hajui kwamba sheria ya kimataifa inaharamisha bomu la nyuklia kuwekwa kwenye maji yale. Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika 2009, hauishii nchi kavu: hujumuisha maji ya ndani, likiwemo Ziwa Turkana, na anga iliyo juu yake. Ndege au meli ya kigeni inayopita tu, serikali husika ndiyo huamua.

Ni nani, basi, anayeruhusiwa? Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia wa mwaka 1968 ulichagua kigezo cha ajabu: tarehe. Nchi iliyokuwa imeunda na kulipua bomu kabla ya Januari 1, 1967 ndiyo iliyotambuliwa. Ni Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China. India, Pakistan na Israel hazikujiunga kamwe. Korea Kaskazini ilitangaza kujitoa mwaka 2003.

Tano hizo hazikupewa hati ya milele. Kifungu cha sita kinazitaka zijadiliane kwa nia njema juu ya kuziondoa silaha hizo. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado zinazo.

Itifaki ya Pelindaba inazitaka pia zisizitishie wala kuzishambulia kwa nyuklia nchi wanachama, Kenya ikiwemo. Nne zimeiridhia. Marekani ilitia saini 1996; Seneti yake haijaidhinisha.