Bata mwenye matrikile shingoni

Batata na bamama wa mugodi, tunajua wote maana ya matrikile: bila namba, ku listi hauko. Kule Ulaya kuko mabata-bukini ya pori yenye namba vilevile. Yanazalia Svalbard, visiwa vya Norwei karibu na ncha ya kaskazini, kwenye wachimbaji walitoa makaa ya mawe zaidi ya miaka mia. Wakati wa baridi yanashuka mpaka Denmaki, Uholanzi na Ubelgiji.

Wataalamu wanayakamata, wanayavalisha shingoni pete ya plastiki yenye namba, wanayaachilia. Halafu raia wa kawaida, mwenye darubini, anasoma ile namba kutoka mbali, anaandika siku na mahali, anatuma. Ndivyo njia ya bata inajulikana, na miaka yake ya kuishi.

Iko na faida. Wakulima wanalia: mashamba yanaliwa. Wawindaji nao wanataka nyama. Mu 2012 nchi zile zilipatana mabata yabaki karibu 60,000. Namba zenye kusomwa zinasaidia kuyahesabu.

Sisi tunaona hivi: namba peke yake haisaidie kitu, mpaka mtu aisome na aseme. Hata mu shimo, saa ya kupanda, namba ya mwenzetu ikikosa, tuulize mbele ya kurudi nyumbani.