Taa za Canter yako ni hafifu? Fuata waya kabla ya kukimbilia LED

Kama hujawahi kukaa kiti cha turniboi ndani ya Canter ya zamani saa mbili usiku, mvua inanyesha, mnatoka Kitale mkienda Bungoma, basi giza bado hujaliona vizuri.

Ilikuwa msimu wa mahindi. Dereva alikuwa mjomba wangu, khocha kama tunavyosema upande wetu, na nyuma tulikuwa na magunia hadi juu. Kiminini tulipita sawa. Tulipokata kona pale Kamukuywa kushika barabara ya Kimilili, mvua ikashuka. Taa zetu zilikuwa zinatoa mwanga wa rangi ya strungi. Mimi nilikuwa naona waipa na mikono yangu tu.

Halafu mbele yetu ikatokea trela ya miwa imesimama. Haina taa ya nyuma, haina hata kipande cha rifleta. Mjomba alivuta usukani kulia kwa nguvu, magunia yakalia huko nyuma, tukapita. Bahati yetu hakuna gari lililokuwa linakuja. Hakuongea tena mpaka Chwele, ambapo alisimamisha gari, akazima injini na kusema, "Kesho tunanunua LED."

Kesho yake tukazinunua Bungoma mjini, Sh3,500 kwa jozi. Jamaa wa duka alituapia kwamba usiku utakuwa kama mchana. Kusema kweli, tulipoziwasha mbele ya ukuta wa duka, hata mimi niliguna kwa kufurahi. Ukuta ulikuwa mweupe kama shuka la hoteli.

Barabarani mambo yakawa mengine. Kila gari lililotukabili lilitupigia fulu, ilhali sisi tulikuwa kwenye dimu. Karibu na Kimilili jamaa wa boda alifunika macho kwa mkono akaingia kwenye majani ya kando. Mjomba akasimama kumwomba msamaha, na alitusiwa vizuri sana. Na mvua ilipoanza tena, ule weupe wote ulikuwa unagonga matone na kuturudia machoni. Ukingo wa lami ndio hatukuuona kabisa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kozi ya umeme, hadithi ya karo ambayo haina utamu. Lakini hili ningelijua, na liliniuma kwamba sikulifikiria. Taa ya Canter kama ile hutumia balbu ya H4, yenye nyaya mbili nyembamba ndani yake, moja ya dimu na nyingine ya fulu. Kioo cha nyuma ya taa, kile kinachorudisha mwanga, kimechongwa kikitegemea nyaya hizo zikae mahali maalum, kwa kipimo cha milimita. LED nyingi za bei ya chini haziketi hapo. Mwanga unatoka mwingi, sawa, lakini unamwagika ovyo: juu kwenye miti na machoni mwa watu, kidogo tu barabarani.

Tulirudi Kitale tukamtafuta fundi mmoja mzee wa jua kali, mtu wa maneno machache. Hakuuliza habari ya balbu. Alirudisha zile za zamani, akaambia mjomba awashe injini na taa, kisha akatoa mita. Kwenye betri: volti 27.6. Kwenye soketi, balbu ikiwa imechomekwa na inawaka: volti 23.2.

"Umeme wenu unakufa njiani," akasema.

Hapo ndipo kuna siri yote. Mwanga wa balbu ya halojeni haushuki polepole pamoja na volti. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Sisi tulikuwa tumepoteza kama asilimia 16 ya volti, maana yake karibu nusu ya mwanga haikuwahi kufika barabarani. Balbu haikuwa na kosa lolote.

Umeme unapotelea wapi? Kwenye magari mengi ya zamani, umeme wote wa taa hupitia swichi ya pale kwenye usukani. Unatoka betri, unapita fyuzi, unapanda hadi swichi, unashuka tena kwa waya mwembamba wa miaka ishirini na kitu hadi kwenye taa. Balbu mbili za wati 70 kwenye gari la volti 24 zinavuta kama ampea 6. Kwa pikapu ya volti 12 yenye balbu za wati 55, ni kama ampea 9, hali inakuwa mbaya zaidi. Swichi inaungua polepole ndani, viungo vinaota kutu, na ile waya ya hasi iliyofungwa kwenye bodi inashikilia rangi na matope badala ya chuma.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Washa taa, weka mguu mmoja wa mita kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye pini ya chanya ya balbu. Namba utakayoona ndiyo volti zinazopotea upande huo. Fanya hivyo pia upande wa hasi. Usichomoe balbu, kwa sababu bila mzigo hata waya mbovu itakuonyesha namba nzuri.

Dawa ya fundi ilikuwa relei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu, zikafungwa karibu na taa zenyewe. Waya mnene ukatoka betri moja kwa moja, fyuzi ikiwa karibu kabisa na betri ili waya ukigusa bodi usichome lori. Nyaya za zamani zikabaki na kazi ya kuamsha relei tu. Alikwangua hasi mpaka chuma kikang'aa, akakaza, akapaka grisi. Angalizo moja: kwenye baadhi ya magari ya Japani swichi hukata upande wa hasi, si wa chanya. Kwa hivyo fundi akianza kuunganisha kabla ya kupima, mwambie apunguze mbio.

Tukawasha. Kwenye soketi: volti 27. Balbu ni zilezile.

Taa ya kushoto bado ilikuwa na shida kwa sababu ile rangi ya fedha ndani ilikuwa imebambuka, na hiyo hakuna umeme unaoiponya. Tulipata nyingine kwa wauza vipuri vya mitumba. Ukinunua, hakikisha ni ya nchi zinazoendesha kushoto kama sisi. Taa hizo huinua mwanga kidogo upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara. Ya nchi za kulia itainua upande wa kulia, yaani usoni mwa anayekuja. Kama kioo chako ni cha plastiki na kimekuwa cha manjano, msasa laini na maji utasaidia, 800 kisha 1000 kisha 2000, halafu polishi na rangi ya kukinga jua. Dawa ya meno ni ya picha za Facebook. Na tafadhali usiweke balbu za wati 100, soketi itayeyuka.

Mwisho tulilenga taa ukutani, mita 10, eneo tambarare. Mpaka wa juu wa dimu ulitakiwa uwe sentimita 10 hadi 15 chini ya usawa wa taa zenyewe. Fundi alikataa kufanya hivyo lori likiwa tupu. Magunia yakikaa nyuma, pua inainuka, na dimu yako inageuka fulu bila wewe kujua. Tukapakia kwanza.

Gharama yote bila ile taa ya mtumba: Sh2,800. Zile LED ziko chini ya kiti mpaka leo.

Safari iliyofuata tulipita Kamukuywa saa tatu usiku. Mbele kidogo nikaona boda haina taa ya nyuma, imebeba watu wawili na kuku. Nimeona hadi kuku. Mjomba hakusema kitu. Alipunguza mwendo, akawapita taratibu, kisha akaniuliza kama nimefikiria kurudi chuo.