Karatasi za Dereva wa Gari ya Wagonjwa, na Makasha ya Chwaka

Kabla ya kuwa mwandishi, Ernest Hemingway alikuwa dereva wa gari ya wagonjwa. Alizaliwa tarehe 21 Julai, 1899, katika mji wa Oak Park, karibu na Chicago, Marekani. Mwezi wa Juni 1918, naye hajatimiza miaka kumi na tisa, alifika Italia kujitolea katika Msalaba Mwekundu wa Kimarekani, Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa vinaelekea ukingoni. Udereva wenyewe haukudumu. Baada ya wiki chache za kuteremsha majeruhi kutoka milimani, aliomba apelekwe karibu zaidi na mahandaki, akawa anawagawia askari sigara na chokoleti. Usiku wa tarehe 8 Julai, mahali paitwapo Fossalta kando ya mto Piave, kombora la Waaustria lilianguka karibu naye, likamjaza miguuni vipande vya chuma zaidi ya mia mbili. Alilala hospitali mjini Milan kwa miezi kadhaa. Mwaka 1929 alitoa kitabu kiitwacho A Farewell to Arms, ambacho mhusika wake mkuu ni Mmarekani mwenye kuendesha magari ya wagonjwa katika jeshi la Italia. Kwa kitabu hicho jina lake likaenea duniani kote.

Msomaji wa Chwaka, au wa Mkunazini, ana haki ya kutuuliza haya yanatuhusu nini sisi watu wa visiwani. Yanatuhusu kwa sababu bwana huyo alikuja pande zetu mara mbili, na zaidi ya hapo, yanatuhusu kwa sababu ya karatasi alizoziacha na namna zilivyookolewa.

Mara ya kwanza aliteremka Mombasa mwezi wa Disemba 1933. Kutoka huko alikwenda Machakos kwa mwindaji mashuhuri Philip Percival, kisha wakashuka Tanganyika, wakipita Arusha na kuingia Serengeti. Huko tumbo la kuhara damu likamshika hata asiweze kusimama. Mwezi wa Januari 1934 ndege ndogo ilikwenda kumchukua porini na kumpeleka Nairobi kwa matibabu, ikipita karibu na Kilimanjaro. Aliyekuwa akibeba wagonjwa sasa naye akabebwa. Katika safari hiyo ya ndege ndimo ilimoota hadithi yake ya mwaka 1936 juu ya theluji ya Kilimanjaro, hadithi ya mwandishi anayekufa kwa donda la mguu huku akiisubiri ndege. Alipopona alirudi mawindoni, upande wa Manyara, Babati na njia ya Handeni, na kabla ya kuondoka akaenda kuvua samaki Malindi. Kitabu cha safari hiyo, Green Hills of Africa, kilitoka mwaka 1935.

Hatuandiki haya kwa kumsifu. Katika kitabu hicho wanyama wamepewa nafasi kubwa kuliko watu, na Waafrika waliombebea bunduki na mizigo, waliomjulia nyayo za wanyama na kumpikia, wamepewa maneno machache tu ya Kiswahili cha kambini, kile cha kuamuru na kuitika. Msomaji wa Unguja akikisoma, ulimi wake utamkereketa.

Aliporudi mwaka 1953 alikuwa mtu mzima mwenye mvi na subira zaidi. Alikaa na Wakamba na Wamasai chini ya Kilimanjaro, akajifunza mengi kutoka kwao. Mwezi wa Januari 1954, huko Uganda, alianguka na ndege mara mbili katika muda wa siku mbili: kwanza karibu na maporomoko ya Murchison, kisha Butiaba, katika ndege ile ile iliyokwenda kumwokoa. Magazeti ya dunia yalitangaza kwamba amekufa, naye akapata kuyasoma matanga yake mwenyewe. Akiwa na majeraha hayo aliteremka Shimoni, pwani ya Kenya, kuvua, na huko tena moto wa vichaka ukamuunguza. Kati ya Shimoni na Pemba pana mkondo tu wa bahari, na hapo ndipo alipotukaribia zaidi. Mwaka huo huo wa 1954 alitunukiwa nishani ya Nobel ya fasihi, lakini kwa ubovu wa mwili wake hakuweza kwenda Stockholm kuipokea.

Sasa tuje kwenye karatasi. Mwezi wa Disemba 1922, alipokuwa kijana asiyejulikana akiishi Paris, mkewe wa kwanza alitia maandishi yake karibu yote katika mkoba mmoja ili ampelekee Uswisi. Mkoba ule uliibwa katika kituo cha gari moshi cha Gare de Lyon, wala haukuonekana tena. Maisha yake yaliyobaki hakutupa karatasi kwa urahisi. Aliweka barua, rasimu, stakabadhi, picha, tiketi, hata nakala za barua alizoziandika kwa hasira na asizozipeleka. Alipokufa kwa mkono wake mwenyewe tarehe 2 Julai, 1961, huko Idaho, sehemu kubwa ya akiba hiyo ilikuwa katika nyumba yake ya Finca Vigía, karibu na Havana, kisiwani Cuba, alikoishi tangu mwaka 1939.

Wakati huo Marekani na Cuba zilikuwa zimekwisha kata uhusiano wa kibalozi, na uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe ulikuwa umepita miezi michache tu. Mjane wake, Mary, alipata msaada wa Rais Kennedy akaruhusiwa kusafiri, na huko Cuba akafikia maafikiano na serikali ya Fidel Castro. Nyumba na vilivyomo vibaki mali ya watu wa Cuba, naye achukue maandishi na picha za kuchora. Karatasi zile zilivuka bahari hadi Florida ndani ya chombo cha wavuvi wa kamba. Hatimaye alizikabidhi kwa maktaba ya kumbukumbu ya Kennedy mjini Boston, na mwaka 1980 chumba maalumu cha karatasi hizo kikafunguliwa humo.

Tukiulizwa karatasi hizo zimeleta faida gani, jawabu liko madukani. Zilionyesha kwamba mwisho wa kile kitabu cha dereva wa gari ya wagonjwa uliandikwa na kuandikwa upya kwa namna arubaini na saba, na namna hizo zilichapishwa mwaka 2012. Mswada wake mrefu juu ya safari ya pili ya Afrika Mashariki, ambao hakuumaliza, ulitolewa kwa kufupishwa na mwanawe Patrick mwaka 1999, kisha ukatolewa kwa ukamilifu zaidi mwaka 2005. Patrick huyo aliishi Tanganyika miaka mingi na kufundisha katika Chuo cha Wanyamapori cha Mweka. Barua zake nazo zimeanza kuchapishwa juzuu kwa juzuu tangu mwaka 2011, nazo zakadiriwa kuwa kiasi cha elfu sita.

Liko jambo jingine, na hili lingefaa liwasimamishe kidogo wenye dhamana ya utamaduni. Karatasi zilizobakia Cuba zilikaa miaka mingi katika joto na unyevu wa kisiwa. Wino ulififia, kuvu na wadudu wakaingia. Mwaka 2002 wataalamu wa Cuba na wa Marekani waliafikiana kuzihifadhi na kuzitolea nakala, na nakala za maelfu zimekwisha kufika Boston huku asili zikibaki Havana. Nchi mbili zisizoamkiana zilikaa meza moja kwa ajili ya barua na stakabadhi za mtu aliyekwisha kufa.

Sisi nasi tuna joto hilo hilo na unyevu huo huo. Chwaka iko maili ishirini hivi kutoka mjini kwa njia ya Dunga, nyumba zake zikielekea ghuba na mikoko, na pepo za bahari zikipuliza chumvi mchana na usiku. Nyumba ya mawe na chokaa ina sifa zake, lakini ukuta wake hunywa maji wakati wa masika, na kasha lililosukumwa ukutani humo hunywa pamoja nao. Karatasi iliyomo ndani haihitaji moto wala mwizi wa Gare de Lyon. Mchwa na nondo wanatosha.

Na katika vita vile vile vilivyompeleka kijana wa Oak Park Italia, watu wa visiwa hivi walikuwamo. Tarehe 20 Septemba, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari yetu, na watu wa mjini waliamka kwa mizinga. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Zanzibar alikusanya kikosi cha wapagazi wa Unguja na kukiongoza yeye mwenyewe bara, akiwa na cheo cha meja. Huko barabara zilikuwa chache, mbung'o waliua ng'ombe na farasi, na magari yalizama matopeni. Kwa hiyo pahali pengi gari ya wagonjwa ilikuwa mabega ya watu. Majeruhi alilazwa katika machela, wakamtwika wawili au wanne, wakakata naye pori kwa siku nyingi, na mara nyingi mchukuzi mwenyewe alikuwa na homa au njaa kuliko aliyechukuliwa. Wapagazi waliokufa katika jeshi la Kiingereza pekee wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa maradhi. Jina lao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam, ambalo ni jina la kikosi chao kwa ulimi wa Kiswahili. Yaliyoandikwa juu yao yametoka zaidi katika majalada ya maofisa waliowahesabu, kama yanavyohesabiwa magunia ya karafuu.

Katika vita vya pili watu wa Afrika Mashariki waliendesha magari ya jeshi na kuuguza majeruhi hadi Uhabeshi na Burma, na safari hii wengi walijua kuandika. Magazeti ya Kiswahili ya siku zile, kama Mambo Leo na Baraza, yalichapisha barua za askari. Barua nyingine zilikwenda majumbani moja kwa moja, kwa hati za Kirumi au za Kiarabu, na huko hazikuchapishwa na mtu.

Wala si kwamba visiwa hivi havikuzaa mwandishi aliyetoka katika kazi ya afya. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, miaka ile ya vita alikuwa mkaguzi katika Idara ya Afya, akiingia nyumba hadi nyumba. Mwaka 1948 alihamia katika uhariri wa magazeti, na kutoka 1958 hadi 1968 alihariri gazeti la Mkulima. Mzimu wa Watu wa Kale, uliochapishwa mwaka 1960, ulitupa Bwana Msa na kiko chake, na ukaifungulia njia riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Twaamini kwamba jicho lile la Bwana Msa, linaloona vumbi la kizingitini kabla ya kumwona mwenye nyumba, lilinolewa katika ukaguzi ule. Vitabu vyake tunavyo. Lakini rasimu za mwandishi, barua alizoandikiana na wachapishaji na wasomaji, na madaftari yake ya kazini ndivyo vinavyomwonyesha akifikiri, akifuta na kuanza upya, kama zile namna arubaini na saba zinavyomwonyesha yule mwingine. Karatasi za namna hiyo, za mwandishi yeyote wetu, zikiwako kwa jamaa au kwa waliofanya naye kazi, zina haki ya kutafutwa zingali zinasomeka.

Tunayo Nyumba ya Nyaraka pale Kilimani, iliyoanzishwa mwaka 1956, na hazina yake ya barua za mabalozi na majalada ya serikali huwaleta watafiti kutoka pande zote za dunia. Hiyo ni hazina ya serikali kusema na serikali. Karatasi za mpagazi, muuguzi, dereva, mwalimu wa skuli na mvuvi wa Chwaka aliyejua kuandika hazitajipeleka Kilimani zenyewe. Mzee hatapanda gari kwenda mjini na mkoba wa barua za babake ili asimame mbele ya meza na kuulizwa maswali. Tunaloomba ni afisa na mpiga nakala waende Chwaka, wakae hapo siku kadhaa, na masheha watangaze mapema. Karatasi itolewe nakala mbele ya mwenyewe na arudishiwe yake papo hapo, na stakabadhi juu. Khofu ya watu ni kwamba kitu kikichukuliwa na serikali hakirudi. Khofu hiyo haiondoki kwa hotuba; huondoka kwa kumwona jirani ameondoka na barua yake mkononi. Gharama yake ni petroli ya safari ya Chwaka na mashine moja ya kupigia picha, na msimu wake ni kiangazi, kabla ya masika kuingia.

Kwa wenye makasha tunasema hivi. Karatasi za zamani zisianikwe juani, wala zisifutwe kwa kitambaa kibichi, wala zisiungwe kwa utepe wa gundi. Zisifungwe katika plastiki, kwani unyevu hujifungia ndani pamoja nazo. Zikungʼutwe taratibu kwa brashi laini, zifungwe katika kitambaa cheupe cha pamba kilichokauka, na kasha liinuliwe juu ya vigingi, mbali na ukuta wa upande wa bahari. Kisha mkubwa wa nyumba aulizwe leo barua hizi ni za nani, ziliandikwa wapi na kwa nani, na jawabu liandikwe kwa penseli katika kipande cha karatasi kitakachokaa pamoja nazo.