Kompyuta Iliyozimwa Bado Ina Sikio

Je, wajua kwamba kompyuta uliyoizima jana jioni huenda ilikesha ikisikiliza? Feni imesimama, skrini ni nyeusi, diski imetulia. Lakini inama nyuma yake, pale unapochomekwa waya wa mtandao, na mara nyingi utakuta kitaa kidogo cha kijani au cha rangi ya chungwa kinawaka. Hiyo ni kadi ya mtandao. Iko macho, inangoja kuitwa jina.

Inaitwa kwa ujumbe mfupi unaojulikana kama Magic Packet, uliobuniwa na AMD pamoja na Hewlett-Packard katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 1997 IBM na Intel wakautangaza utaratibu mzima kwa jina la Wake-on-LAN, ili fundi aweze kuwasha mashine za ofisi nzima usiku, aziwekee programu mpya na kuzizima kabla wafanyakazi hawajafika.

Ujumbe wenyewe ni mdogo kuliko SMS. SMS moja hubeba baiti 140. Huu una 102 tu. Unaanza na namba 255 mara 6, kisha inafuata anwani ya MAC ya kadi inayoitwa, yaani ile namba ya baiti 6 ambayo kadi hupewa kiwandani, ikirudiwa mara 16 mfululizo. Kwa nini mara zote hizo? Kwa sababu anayesikiliza si kompyuta. Prosesa imelala, Windows haipo. Kilichobaki hai ni sakiti ndogo ndani ya kadi, isiyojua kusoma barua; kazi yake ni kulinganisha tu. Mfuatano mrefu namna ile ni vigumu mno kujitokeza kwa bahati katika kelele za mtandao, kwa hiyo sakiti ikiuona haina haja ya kufikiri: inaupa ubao mkuu ishara, na mashine inawaka.

Ujumbe huo kwa kawaida hutumwa kwa mashine zote za mtandao ule, kama mbiu ya mgambo. Wote wanasikia, anayeinuka ni yule aliyetajwa. Na kwa kuwa kadi hutafuta ule mfuatano tu, haijali umepitia poti ya 7 au ya 9. Nimeona watu wakibadilisha poti usiku kucha, wengine wakifungua ukuta wa moto wa mashine iliyolala, na yote hayo hayagusi kitu. Mashine isipoamka, mimi huanzia kwenye namna ilivyolazwa.

Sikio nalo linahitaji chakula. Kompyuta za zamani zilikuwa na kitufe kilichokata umeme kabisa, kama swichi ya taa ya chumbani. Mwaka 1995 Intel ilileta muundo wa ATX, na tangu hapo pawasaplai huendelea kutoa volti 5 kidogo kidogo hata mashine ikizimwa. Ndizo zinazopita kwenye ule waya wa zambarau. Kadi inaishi kwa hizo. Nyingi hushusha hata mwendo wake hadi megabiti 10 kwa sekunde ili zitumie umeme kidogo, ndiyo maana kitaa hubadilika rangi baada ya kuzima.

Hilo nililifahamu vizuri katika chumba kimoja cha mafunzo chenye kompyuta 20. Jumatatu alfajiri nilituma wito kwa zote. Zikaamka 13. Saba, zote za ukuta wa dirishani, kimya. Nikapiga magoti nyuma ya ya kwanza: hakuna kitaa. Ya pili: hakuna. Nikafuata waya hadi kwenye ekstensheni, nikakuta swichi ya ukutani imezimwa. Mlinzi alikuwa mlangoni.

“Mzee, shikamoo. Hizi za huku huzimwa na nani?”

“Marahaba, mwanangu. Nazizima mimi. Niliagizwa radi zikianza nikate za dirishani.”

Alifanya sawasawa na alivyoagizwa. Nikawasha swichi, vitaa vikarudi, nikatuma tena wito. Hakuna iliyoinuka. Hapa wengi hukata tamaa na kusema kadi mbovu, kumbe kadi nyingi husahau agizo la kuamka umeme ukikatika kabisa. Mpaka mfumo endeshi uwake mara moja na kuiachia kadi agizo hilo upya wakati wa kuzimwa. Panapokatika umeme kila wiki, hili peke yake linaeleza asubuhi nyingi za kimya. Dawa moja ni kuingia kwenye mipangilio ya BIOS na kuiamuru mashine ijiwashe yenyewe umeme ukirudi, kisha izimwe kwa utaratibu.

Nikaziwasha zote saba kwa mkono, nikazizima, nikaita. Zikainuka nne. Zikabaki tatu.

Ya kwanza ilikuwa na Windows ambayo haizimiki kikweli. Tangu Windows 8, ya mwaka 2012, ukibofya kuzima, moyo wa mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kesho uwake haraka. Microsoft wenyewe wameeleza kwamba katika uzimaji huo kadi haiwekwi tayari kuamka. Nikaondoa chaguo la uwashaji wa haraka, ikaitika.

Ya pili ilitumia Linux. Huko programu ya ethtool hukuonyesha hali ya kadi kwa herufi moja: g maana yake itaamka kwa Magic Packet, d maana yake imefungwa. Ilikuwa d. Kuibadilisha ni amri ya mstari mmoja, ila mara nyingi hurudi d mashine ikiwashwa upya, kwa hiyo amri hiyo niliiweka ijirudie yenyewe kila mashine inapowaka.

Kuna chanzo kingine ambacho siku hiyo sikukikuta, lakini nimekutana nacho sana kwenye mashine zinazotoka Ulaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya ilitaka kifaa kilichozimwa kisile zaidi ya wati 1 kuanzia 2010, kisha nusu wati kuanzia 2013. Watengenezaji wakaweka kwenye BIOS chaguo linaloitwa ErP, ambalo likiwashwa huweza kuikatia kadi hata zile volti za usiku. Kitaa hakiwaki, na kila mtu analaumu waya.

Na ukitaka kuita kutoka nyumbani kupitia intaneti, ujue ruta haivushi mbiu. Wahalifu waliitumia kufurikisha mitandao ya watu kwa majibu, na mwaka 1999 viwango vya intaneti vikabadilishwa ili ruta ziizuie isipokuwa zimeamriwa vinginevyo. Njia ninayoipenda ni kuacha kimashine kidogo kama Raspberry Pi macho ndani ya jengo. Unaingia humo kwa njia salama, nacho kinapiga mbiu kikiwa ndani.

Ile mashine ya tatu ya dirishani ilinichukua hadi saa nne. Kitaa kinawaka, BIOS sawa, Windows sawa. Nikaiwasha kwa mkono, nikafungua programu ya kunasa pakiti, nikatuma wito kutoka mashine ya jirani. Ukafika: baiti 102, zote kamili. Nikalinganisha anwani ya MAC iliyokuwa ndani yake na ile ya kadi. Hazikufanana. Kadi ilikuwa imebadilishwa kwa fundi, na orodha iliyobandikwa ukutani ilibaki na anwani ya kadi ya zamani. Nikaikata kwa kalamu, nikaandika mpya juu yake, nikazima mashine na kutuma tena. Feni ikaanza kuzunguka.