Maumivu ya Kiuno na Daftari la Zahanati

Miongoni mwa malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika zahanati za Wilaya ya Magu, mkoani Mwanza, ni maumivu ya kiuno. Mgonjwa aweza kuwa mkulima wa pamba aliyeshinda ameinama shambani, au mvuvi avutaye nyavu katika Ziwa Viktoria. Hali hiyo si ya Magu peke yake. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya kiuno, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watafikia milioni 843 mwaka 2050. Hata hivyo, ugonjwa huo mara nyingi huingizwa katika daftari kwa maneno matatu tu: "maumivu ya mgongo". Makala haya yaeleza kwa nini maneno hayo hayatoshi.

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili za mifupa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Tano kati ya hizo ni za kiuno, nazo hubeba uzito mkubwa wa mwili. Baina ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu kipunguzacho mshindo. Ndani ya pingili hupita ugwe wa mgongo, yaani uzi mnene wa mishipa ya fahamu, ambao huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini yake huteremka mizizi ya mishipa iendayo miguuni na kwenye kibofu. Kwa hiyo maumivu ya kiuno yaweza kuanzia katika msuli, mfupa, kisahani au mshipa wa fahamu.

Ni dhahiri basi kwamba maumivu ya kiuno ni dalili, wala si jina la ugonjwa. Kwa wagonjwa wapatao tisa kati ya kumi hakuna ugonjwa maalumu unaoonekana, na wengi wao hupata nafuu wakiendelea na shughuli zao. Wasiwasi uko kwa yule wa kumi. Kando ya ziwa, mtu huyo aweza kuwa na kifua kikuu kilichoshambulia pingili. Aweza pia kuwa na bruselosi aliyoipata kwa kunywa maziwa mabichi. Au aweza kuwa na kichocho ambacho mayai yake yamefika kwenye ugwe wa mgongo. Huyu wa mwisho huweza kulegea miguu katika muda wa siku au majuma machache. Akitibiwa mapema kwa prazikwanteli na dawa za kupunguza uvimbe, aweza kutembea tena. Akichelewa, aweza kubaki amepooza.

Ili magonjwa yaweze kuhesabiwa na kulinganishwa, wataalamu huyapa misimbo, yaani alama za herufi na tarakimu. Chanzo cha utaratibu huo ni orodha ya sababu za vifo iliyotolewa na Mfaransa Jacques Bertillon mwaka 1893. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilichukua jukumu la kuisimamia, na magonjwa yasiyoua nayo yakaingizwa. Toleo la kumi la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa liliidhinishwa mwaka 1990. La kumi na moja lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022.

Katika toleo la kumi, maumivu ya kiuno yasiyo na maelezo zaidi hupewa M54.5. Yakiteremka mguuni kwa kufuata mshipa mkuu wa paja, huwa M54.4. Ikithibitishwa kuwa kisahani cha kiuno kimebana mzizi wa mshipa, msimbo ni M51.1, pingili ya kiuno ikivunjika, ni S32.0. Kifua kikuu cha pingili hupewa misimbo miwili: A18.0 huonyesha chanzo, na M49.0 huonyesha mahali palipodhurika. Toleo la kumi na moja limeyahamishia maumivu ya kiuno kwenye sura ya dalili, kwa msimbo ME84.2.

Mwenye kuweka msimbo hawezi kujua zaidi ya kilichoandikwa. Hivyo tabibu hana budi kuandika maumivu yako wapi, yalianza lini na kwa sababu gani, na kama yanateremka mguuni. Aandike kama kuna ganzi, udhaifu wa miguu, au shida ya kuzuia mkojo na choo. Aandike pia homa, kukonda, kuoga ziwani na kunywa maziwa mabichi. Palipo na shaka aandike "inashukiwa", na penye uhakika "imethibitishwa". Ikiwa hakuna ugonjwa uliotambuliwa, kanuni ni kuandika dalili kuu jinsi ilivyo. Kubuni jina la ugonjwa ni kosa sawa na kunyamaza.

Kumbukumbu hizo zina safari ndefu. Hukusanywa katika vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za afya ulioenezwa nchini katika miaka ya 1990, na kutoka zahanati hupelekwa wilayani, kisha mkoani na taifani. Mgonjwa apewapo rufaa kwenda Bugando, barua yake humweleza daktari mpya yaliyokwisha kuonekana. Tena, huko Kisesa wilayani Magu, tangu mwaka 1994 watafiti wamekuwa wakiwahesabu wakazi na kuwahoji jamaa za marehemu ili kujua sababu za vifo. Lakini maumivu ya kiuno kwa kawaida hayaui. Kwa hiyo hayaonekani katika hesabu ya vifo, na alama yake hubaki katika daftari la zahanati.

Mwanafunzi aliyejifunza kuainisha mimea na wanyama ataitambua kanuni hii: jina sahihi hutegemea uchunguzi ulioandikwa kwa makini. Katika somo la baiolojia, jina lisilo sahihi hupunguza alama za mtihani. Katika zahanati, msimbo mmoja wa M54.5 uliowekwa kwa mazoea waweza kumficha mgonjwa ambaye miguu yake ingeweza kuokolewa.