Mutuele ya afya: tulipe wakati wa kuuza maharagi

Sote tunamjua mama aliyejifungua salama na bado akalala hospitalini wiki mbili. Si mgonjwa, na mtoto ananyonya vizuri. Anangojea bwana auze mbuzi ndipo deni lilipwe. Kwa hofu ya deni hilo, wengi wetu tunaanza CPN mimba ikiwa na miezi sita au saba. Tangu 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni linaomba mama apimwe mara 8, mara ya kwanza kabla ya juma la 12 kwisha. Presha haingojei makuta.

Serikali ilianzisha uzazi bila malipo kule Kinshasa mwaka wa 2023. Ni vizuri, lakini mimba ya leo haiwezi kungojea mpango huo upande milima yetu.

Tuangalie Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa inchi yetu. Hospitali ya kule ilianzisha mutuele mwaka wa 1986. Wakulima walilipa mara moja kwa mwaka, wakati wa kuuza mavuno, feza zikiwa bado mkononi. Wauguzi wa vituo vya afya ndio walizikusanya. Jamaa nzima iliandikishwa, maana mutuele ya wenye mimba peke yao ni likelemba ambamo kila mtu anataka kupokea. Mtu akilazwa, alilipa 20 kwa mia tu. Zilizobaki zilitoka katika kasha.

Watafiti waliona kwamba wenye kadi walikwenda hospitali zaidi kuliko wasio nayo. Ila kijiji kikiwa mbali, faida ilipungua. Hapo sisi wa Kalembe tunaelewa bila kufundishwa: kadi haibebi tipoyi, wala haifungui njia siku risasi zinapolia.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kiongee mambo mawili kabla maharagi hayajaenda sokoni: kukata sehemu ya likelemba kwa ajili ya mutuele, na kutenga kasha ndogo ya motari. (Walimu kati yetu, ambao mshahara unakuja siku unayotaka wenyewe, watalipa nusu nusu.) Sheria ya mutuele ya Februari 2017 ipo. Na kabla ya kutoa hata franka moja, tuulize: CPN imo? Operesheni ya kuzaa imo? Jibu liandikwe kwenye karatasi.