Chumba cha Giza Ndani ya Jicho
Mwezi Julai 1600, mjini Graz, Johannes Kepler alichunguza kupatwa kwa jua pasipo kulikodolea macho. Alifuata kanuni ya chumba cha giza: mwanga ulipita katika tundu dogo, na taswira ya jua ikaangukia karatasi, imepinduka. Macho yake mwenyewe yalikuwa dhaifu tangu alipougua ndui utotoni.

Mwaka 1604 akaeleza kwamba jicho nalo ni chumba cha namna hiyo. Mboni ndiyo tundu. Taswira huangukia retina, juu chini. Hapo kabla wataalamu wengi waliamini kuwa lenzi ndiyo inayoona. Kumbe hukusanya mwanga tu! Ndiyo maana lenzi iliyoingia ukungu, yaani mtoto wa jicho, hutolewa, ikawekwa ya bandia, na mgonjwa akaona tena, ilimradi retina yake ni nzima.